Nyumba ya mchezo: mnunuzi achukue sifa, mtoto abaki na nyumba

GOMA, Kivu ya Kaskazini. – Kila jioni, pembeni ya barabara inayotoka Goma kwenda Sake, watoto wanajenga nyumba. Wanapanga mawe meusi ya volkano katika duara, wanaacha nafasi ya mlango, halafu wanatandika kipande cha shitingi kilichopasuka juu ya miti miwili. Ndani, mmoja anakuwa mama, mwingine anakuwa baba, mwingine ni mgeni anayepiga hodi. Mkebe wa nyanya ndio sufuria, majani ya porini ndiyo sombe. Mvua ikinyesha nyumba inaanguka, na kesho yake wanaanza upya. Hakuna aliyewafundisha na hakuna anayewalipa.

Nchini Marekani kuna watu wazima wanaofanya kazi hiyo hiyo, lakini kwa mashine, kwa mbao zilizopigwa randa na kwa michoro ya mainjinia. Kampuni za ujenzi zinatengeneza nyumba ndogo ya mtoto kuchezea ndani: moja inajengwa kama merikebu, nyingine kama ngome ya mfalme, nyingine kama gari-moshi au kituo cha wazima moto. Kuna ngazi, kuna dirisha, kuna paa lililopangwa vizuri, mara nyingine kuna hata taa. Nyumba hiyo inawekwa mbele ya watu ili waitazame na kuitamani, na mwishoni inatolewa kwa mnada au kwa tombola. Pesa zinakwenda kwa shirika la kusaidia wenye shida.

Katika Orange County, jimbo la California, shirika la HomeAid, lililoanzishwa na wajenzi wa nyumba mwaka 1989, limekuwa likipokea nyumba za mchezo kutoka kwa kampuni za ujenzi na kuziuza kwa mnada ili kusaidia watu wasio na makao. Mjini Dallas, Texas, kuna shirika la Dallas CASA. Watu wake wa kujitolea wanamsimamia mahakamani mtoto aliyeondolewa nyumbani kwa sababu ya kuteswa au kukosa matunzo. Shirika hilo linapanga nyumba za mchezo ndani ya jumba la maduka la NorthPark, na mshindi anapatikana kwa tombola. Haki isemwe: kazi hiyo si utapeli. Pesa zinapatikana, wenye shida wanasaidiwa, na mafundi wanatoa ujuzi wao kwa moyo.

Lakini kuna swali moja, na mama aliyekimbia Masisi akiwa na watoto watano mgongoni na mkononi amekwisha kuliuliza kabla ya kufika hapa. Nyumba yenyewe inakwenda kwa nani?

Nyumba inakwenda kwa mwenye pesa

Mnada ndivyo ulivyo. Anayepandisha bei kuliko wenzake ndiye anayebeba. Mtoto asiye na makao ndiye sababu ya mnada, na shida yake ndiyo iliyofungua mifuko ya watu. Lakini bei ikikubaliwa, merikebu ile inapakiwa kwenye lori na kupelekwa katika bustani ya mtoto ambaye tayari ana chumba chake, kitanda chake na ukuta wa kumlinda. Mtoto asiye na makao anapata kitanda cha muda, sahani na blanketi. Vyote hivyo ni vya lazima, hakuna anayebisha. Lakini kile kitu cha kufurahisha moyo, kile ambacho fundi alikitolea akili yake yote, kimempita mbele ya macho.

Tombola ina afadhali, maana mwenye tiketi moja anaweza kumshinda tajiri. Hata hivyo, ni lazima mshindi awe na uwanja wa kuiweka nyumba hiyo. Mtoto anayelelewa leo huku na kesho kule hana uwanja.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1932 watu wa Wales, huko Uingereza, walimpa binti mfalme Elizabeth nyumba ndogo ya mchezo yenye paa la majani, ili asherehekee miaka yake 6. Inaitwa Y Bwthyn Bach, yaani nyumba ndogo, na bado iko Windsor mpaka leo. Miaka ile Wales ilikuwa katika taabu kubwa. Wachimba makaa ya mawe kwa maelfu walikuwa bila kazi, na watoto wao walikuwa na njaa. Ikiwa njiani kupelekwa, nyumba ile ilishika moto kwenye paa, ikabidi mafundi waitengeneze tena. Wakatengeneza. Ufundi wa watu maskini ulitumika mara mbili ili mtoto wa jumba la kifalme apate pahali pa kucheza mama na baba.

Tena kuna mfano mwingine unaoonyesha kwamba kuuza siyo njia peke yake. Colleen Moore, mchezaji wa sinema zisizo na sauti huko Marekani, alitengenezesha nyumba ya vidoli ya ajabu, kama ngome ya hadithi. Kuanzia mwaka 1935 aliizungusha katika miji mingi, na watu wakalipa kidogo kidogo ili kuitazama. Ilikusanya mamia ya maelfu ya dola kwa ajili ya watoto wagonjwa na wenye shida, na haikuuzwa kwa mtu hata mmoja. Tangu mwaka 1949 iko katika jumba la makumbusho mjini Chicago, na watoto wanaendelea kuitazama. Pesa zilipatikana, na kitu kikabaki cha wote.

Kwa hiyo mtu asiseme hakuna njia nyingine. Njia ipo. Linalokosekana ni kukubali kwamba mtoto maskini naye ana haki ya kitu kizuri.

"Wape unga kwanza"

Hapa ndipo ubishi unapowarudia watu wa Kongo wenyewe. Wazo kwamba mtoto wa mkimbizi ni tumbo tu haliishi Marekani peke yake. Liko Goma, liko Bukavu, liko Beni na Bunia. Liko katika mikutano ya viongozi, liko katika buro za ma-ONG, liko hata kanisani. Ukitaja mchezo, jibu linatoka haraka: wape unga kwanza, wape shitingi, mambo ya kucheza yatafuata.

Hayajafuata. Kuna watoto wa Rutshuru na Masisi waliozaliwa katika mbio, wakaanza kutembea katika mbio, na sasa wamefikia umri wa kuingia masomo bado wako katika mbio. Mtoto hasubiri vita viishe ndipo awe mtoto. Miaka ikipita imepita, na hakuna lori la msaada linaloweza kuirudisha.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Mtoto tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 1989, uliandika katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kongo iliutia mkataba huo nguvu mwaka 1990. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 nchi ikatoa sheria yake yenyewe ya kumlinda mtoto. Hivyo kucheza si zawadi ambayo mkubwa anaweza kuitoa akiwa na roho nzuri na kuinyima akiwa amechoka. Ni deni. Na deni halifutwi kwa kusema kuna deni jingine.

Tena ni kosa kudhani kwamba mchezo na uhai ni vitu viwili. Mtoto asiye na pahali pa kucheza hakai bure. Anacheza popote. Anacheza barabarani katikati ya magari makubwa na wamotari. Anacheza kwenye mashimo na kwenye mawe ya volkano yanayokata kama wembe. Anaingia mashambani ambako vita vilipita, anaokota kitu cha chuma kinachong'aa, anakigonga kwa jiwe ili aone kilicho ndani. Wakaaji wa Masisi na Rutshuru wanajua mabomu yasiyolipuka yanafanya nini kwa mikono na macho ya mtoto. Pahali panapojulikana, penye mama anayechunga na kitu kinachomvuta mtoto arudi kila siku, ni ulinzi sawa na ukuta.

Halafu kuna jambo la moyo. Kila anayekaa na watoto waliokimbia amekwisha kuona michezo yao. Mwanzoni wanacheza vita: fimbo ni bunduki, kamba ni barieri, mmoja analia kwa kuigiza na wengine wanakimbia. Ni namna yao ya kusema yale ambayo mdomo hauwezi. Siku wakianza kucheza nyumba, kupika, kukaribisha mgeni, kulaza mtoto wa kitambaa, mzazi anajua kitu kimeanza kupona. Nyumba ya mchezo ndiyo nyumba ya kwanza ambayo mtoto aliyechomewa ya kwao anaweza kuitawala mwenyewe. Anafungua mlango akitaka, anafunga akitaka. Hakuna wa kumfukuza.

Hema linalokunjwa

Ma-ONG yatasema yamekwisha kufanya. Ni kweli, yamefanya. Nafasi za watoto zimefunguliwa katika kambi nyingi, na mamia ya vijana wamefundishwa kuwachunga. Wengi wao walifanya kazi hiyo kwa malipo madogo na kwa upendo mkubwa, na wanastahili shukrani.

Lakini namna ya kufanya ndiyo yenye kasoro. Linakuja hema jeupe lenye alama ya mfadhili. Linakuja sanduku la vitu vya kuchezea kutoka mbali. Mipira inapasuka juu ya mawe ya volkano baada ya siku chache, na hakuna aliyeweka pesa za kununua mingine. Picha zinapigwa, hotuba zinasomwa, mradi unakaa miezi kadhaa. Siku mradi ukiisha, hema linakunjwa. Mtoto anafika asubuhi na kukuta majani yaliyonyauka, alama ya pale hema liliposimama.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi kubwa zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa ndani ya siku chache: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine. Familia zilibeba zilichoweza. Zingine zilirudi vijijini na kukuta nyumba zimebomolewa, zingine ziliingia kwa jamaa ambao nao hawana nafasi. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikata misaada yake, na miradi mingi ikafungwa milango. Anayengoja hema jingine lije na ndege atangoja mpaka watoto wake waoe.

Mafundi wapo, mbao zipo

Mji wa Goma umejengwa kwa mbao. Baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga moto mjini mwezi wa kwanza 2002, familia nyingi zilisimamisha nyumba za mbao juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa moshi. Mwezi wa tano 2021 volkano ilirudi, na nyundo zikasikika tena. Hapa ndipo fundi anachonga chukudu kwa mti, bila kiwanda, na chukudu hiyo inabeba mamia ya kilo za viazi na makala ikiteremka milima. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Mtu anayeweza kuchonga chukudu anashindwaje kumjengea mtoto nyumba ya mchezo?

Wala si lazima iwe ngome ya Ulaya. Iwe mtumbwi wa wavuvi wa sambaza katika ziwa Kivu. Iwe mlima Nyiragongo wenye mlango ubavuni. Iwe chukudu kubwa yenye paa. Iwe studio ya radio ambayo mtoto anakaa ndani na kusoma habari zake. Waulizwe watoto wenyewe kabla mbao ya kwanza haijakatwa, maana wao ndio wenye nyumba.

Mbao si lazima zitoke msituni, na zisitoke kabisa katika hifadhi ya Virunga. Katika kila karakana vipande vya mikaratusi vinachomwa kama kuni kwa sababu ni vifupi. Kwa nyumba ya mtoto, ubao mfupi unatosha. Kuna palati za bidhaa nyuma ya madepo. Kuna manjanja ya zamani.

Ila kazi ifanywe kama kazi, siyo kama mabaki kwa ajili ya maskini. Nafasi kati ya vijiti vya ukingo iwe chini ya sentimita 9 au ipite sentimita 23. Katikati ya vipimo hivyo ndipo kichwa cha mtoto kinapoingia na kukwama. Ncha za misumari zikunjwe na kufukiwa. Makali ya manjanja yakunjwe ndani. Mlango usiwe na komeo la kumfungia mtu ndani, na nyumba iwe na njia mbili za kutokea. Dirisha liwe wazi ili mama anayechunga aone bila kuinama. Mbao zisipakwe mafuta ya vidange, kama inavyofanywa kwa kuta za nyumba ili zisioze, maana mtoto anashika ukuta halafu anaweka vidole mdomoni. Na kubwa zaidi: vipande vyake vifungwe kwa buloni, siyo kwa misumari peke yake, ili nyumba iweze kufunguliwa, kubebwa na kufungwa tena. Familia zilizokimbia mara nne zinajua sababu.

Mnada wa kanisani una jibu

Pesa zitatoka wapi? Zitatoka pale zinapotoka kila siku ya mavuno. Katika makanisa mengi ya hapa, waumini wanaleta kuku, ndizi, maharage, mbuzi, na baada ya ibada vinauzwa kwa mnada mbele ya wote. Kuku mmoja anaweza kufika bei ya kuku watano, na watu wanacheka na kupiga vigelegele. Mara nyingi aliyenunua anasimama na kusema: ninarudisha, auzwe tena. Kuku anauzwa mara mbili, mara tatu. Mnunuzi anarudi nyumbani mikono mitupu na heshima tele.

Hapo ndipo Wamarekani wangeweza kujifunza kitu kutoka kwa mama muuza ndizi. Fundi ajenge nyumba ya mchezo. Iwekwe mbele ya kanisa, ya msikiti, ya soko. Wafanyabiashara wa mji, wenye madepo, wenye magari makubwa, watoto wa nchi walioko Ulaya na Amerika wanaotuma pesa kwa simu, wote waalikwe kupandisha bei. Atakayeshinda jina lake litangazwe mbele ya watu. Asiye na dola aweke franka yake katika tombola, na ushindi wake uwe kuchagua rangi ya mlango. Lakini nyumba isiondoke. Ibaki katika uwanja wa masomo, wa kituo cha afya, au wa mtaa uliopokea familia zilizokimbia. Mnunuzi achukue sifa, mtoto abaki na nyumba.

Hesabu isomwe siku hiyo hiyo, kwa sauti, mbele ya waliotoa: zimeingia franka ngapi, dola ngapi, mbao zimekula ngapi. Fundi alipwe. Huko Marekani kampuni kubwa inaweza kutoa kazi yake bure. Fundi wa Kitshanga aliyekimbia akaacha randa na msumeno hana cha kutoa bure, na mara nyingi watoto wake ndio watakaoingia katika nyumba hiyo. Kinachobaki kinunue mipira, kilipe mama anayechunga, kitengeneze paa likitoboka. Wasimamizi wawe wazazi wa pande zote mbili, wenyeji na waliokimbia, na watoto wa pande zote mbili wacheze pamoja. Nyumba ya wakimbizi peke yake italeta wivu. Nyumba ya mtaa italeta ujirani.

Wapo watakaosema huu si wakati. Wakati vita vimetulia kidogo wanasema ngojeni amani ikamilike. Wakati vita vimewaka wanasema ngojeni vitulie. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Kivu hatacheza kamwe. Mbona harusi hazikungoja? Mbona vilio, ubatizo na michezo ya mpira ya wakubwa haikungoja?

Wazazi, mashefu wa avenue, wachungaji, maimamu, mafundi na wafanyabiashara: swali liko mezani kwenu, siyo Kinshasa wala New York. Ubao uko karakanani. Nyundo iko mkononi. Na leo jioni, pembeni ya barabara ya Sake, watoto watapanga tena mawe yao katika duara, wataacha nafasi ya mlango, na mmoja wao atapiga hodi.